Vijana Wetu wa Vyuoni na Elimu ya Madesa

Ndugu msomaji, ukishuka katika mabasi ya mwendokasi pale Mtaa wa Msimbazi, ukaingia vichochoro vya kuelekea sokoni Kariakoo, utakuta biashara mbili zimekaa ubavu kwa ubavu kama watoto wa mama mmoja. Moja ni ya viatu, vingine vipya na vingine vya mtumba, vimepangwa juu ya turubai. Ya pili ni ya karatasi: kijiduka chenye mashine ya fotokopi inayounguruma tangu asubuhi hata Magharibi, na ukutani matangazo ya kupiga chapa, kutoa kopi na kufunga vitabu.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri nilisimama katika kijiduka kama hicho nikingojea kopi za hati zangu. Hapo jirani alikuwapo kijana, mwanafunzi wa chuo, begi mgongoni na kitambulisho shingoni, ananunua viatu. Wallahi nilimwonea fahari. Alikikunja kiatu mpaka ncha ikakaribia kisigino, akakinusa apate kujua kama ni ngozi au plastiki, akauvuta uzi wa mshono kwa ukucha, akauliza kimetoka wapi, akauliza kwa nini cha kushoto kimefifia rangi kuliko cha kulia. Muuzaji akaapa. Kijana akamwambia, "Kaka, kuapa si jibu." Wakavutana karibu nusu saa, na mwisho akavipata kwa bei yake.

Kisha akageuka akaja dukani kwetu, akasema, "Nipatie madesa ya mwaka wa pili, semista ya kwanza." Mwenye duka akavuta bunda la karatasi lililofungwa kwa mpira, akataja bei, kijana akalipa, akalitia begini, akaenda zake. Hakufungua hata ukurasa mmoja. Hakuuliza ni nani aliyeyaandika maneno yale, wala ya mwaka gani, wala kama yamepata kusahihishwa na mtu anayejua. Viatu vilihojiwa kama washitakiwa, na elimu ya nusu mwaka ikapita bila ya kuulizwa jina.

Kwa wazee wasiolijua neno hili, desa ni mkusanyo wa maelezo aliyoyanakili mwanafunzi fulani wa miaka ya nyuma alipokuwa akimsikiliza mhadhiri wake. Yamepigwa kopi, na kopi ikapigwa kopi, hata herufi zimekuwa kama nyayo za kuku. Aghlabu nyuma yake hufungwa mitihani ya nyuma pamoja na majibu. Hapana jina la mwandishi. Akikosea yule wa kwanza, basi kosa lake litarithiwa na watu asiowajua, na wote watalijibu kwa mwandiko mzuri.

Simlaumu kijana kwa ufukara wake. Vitabu vya chuo ni ghali, nakala za maktaba hazitoshi, na bumu la Bodi ya Mikopo likichelewa hata chakula huwa ni shida. Wala simlaumu mwenye duka, naye yuko katika kutafuta riziki yake. Maelezo ya mwenzako si haramu kuyasoma. Nongwa yangu iko kwingine, nami nitakueleza kwa kisa kilichotokea mtaani kwetu.

Yuko bibi mmoja jirani yangu, mwenye nyumba katika zile chache za Kiswahili zilizobaki baina ya maghorofa. Bibi huyu ana presha ya siku nyingi na magoti yanamuuma. Mjukuu wake anasomea mambo ya dawa katika chuo kimoja cha afya, na matokeo yake ni mazuri. Mamake hutuonyesha sote, nasi hufurahi pamoja naye. Siku hiyo kijana alikuja likizo. Akamwamkia bibi yake, akaitikiwa marahaba, akakaa barazani. Bibi akatoa mfuko wa plastiki. Mlikuwamo vidonge vya presha alivyopewa hospitali, na vidonge vya maumivu alivyoletewa na mwanawe kutoka duka la dawa.

"Haya baba," akasema, "wewe ndiye msomi wetu. Hizi na hizi, nile pamoja?"

Kijana akaitwaa ile karatasi ya dawa ya maumivu, akasoma: diklofenaki. Uso ukamwangaza. Akaanza kutoa kwa Kiingereza namna dawa ile inavyofanya kazi mwilini, kundi lake, madhara yake, na watu ambao hapana budi watahadharishwe kabla ya kupewa. Alisema bila ya kusita kama mtoto anayesoma juzuu aliyoihifadhi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mashaallah." Kisha akauliza tena:

"Sasa nile nisile?"

Kijana akanyamaza. Akasema kwamba swali hilo hawakupata kuulizwa namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Lakini neno moja katika ile orodha ya watu wa kutahadharishwa lilinigonga sikio, nikamwuliza, "Mwanangu, hilo la haipatensheni ndilo nini kwa lugha yetu?"

"Presha, mzee," akasema. Na pale pale akanyamaza tena, akamtazama bibi yake miguu iliyovimba, kama mtu aliyegutuka usingizini.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Kijana huyu si mjinga wala si mvivu. Alijua kwamba dawa za maumivu za jamii ile huweza kupandisha presha, kuidhoofisha dawa ya presha na kuzitaabisha figo. Aliyajua yote, na mtihanini aliyaandika akapata alama zake. Lakini ujuzi ule ulikaa chumba kimoja na bibi yake akakaa chumba kingine, na katika miaka miwili ya chuo hapana aliyepata kuufungua mlango wa katikati. Desa lilimpa majibu. Swali hakupewa. Na swali likija kwa umbo jingine, limevaa kanga na kushika mfuko wa plastiki, hakulitambua.

Watu wengi wakisikia visa kama hivi husema haraka: kosa ni kukariri. Wasomi wetu wa siku hizi wamelitia maanani sana neno hili, na husema mtoto asikaririshwe, apewe kile kinachoitwa fikra tunduizi. Mimi siafikiani nao. Kwetu sisi watu wa pwani, ambao tumelelewa kwa kuhifadhi, maneno hayo hayana budi kuhakikiwa kwanza.

Tumtazame Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alikuwa akirejea mji wake wa Tus kutoka masomoni, na katika mizigo yake yakawamo maandiko yote aliyoyanakili kwa walimu. Njiani wanyang'anyi wakaushambulia msafara, wakachukua kila kitu. Ghazali akamfuata mkubwa wao akamsihi amrejeshee yale maandiko tu, kwani ndiyo elimu yake aliyohama kwao kwa ajili yake. Mnyang'anyi akacheka. Akamstaajabia mtu anayedai kuwa na elimu, naye akishanyang'anywa karatasi habakiwi na kitu. Akamrudishia. Lakini maneno yale yalimwingia Ghazali, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika.

Kwa hiyo hatua yake ya kwanza ya kuiponya elimu ya karatasi ilikuwa ni kuihifadhi. Na mtu huyo huyo ndiye baadaye aliyeyatia katika mizani yote aliyoyapokea, akaeleza katika kitabu chake kuhusu safari ya kutoka katika upotevu namna alivyoona kwamba watoto hufuata dini za wazazi wao kwa kurithi tu, akataka kujua ni lipi analolijua kwa yakini na lipi amelirithi bila ya hoja. Hakuona kwamba kifua kilichojaa kinamzuia asiulize. Kilichojaa ndicho kilichompa cha kuulizia.

Ama Imam Shafii, ambaye ndiye tunayefuata madhehebu yake katika pwani hii, yeye aliihifadhi Muwatta ya Imam Malik angali kijana mdogo, kisha akenda Madina akamsomea Malik mwenyewe. Alimheshimu mwalimu wake kupita kiasi, na baadaye akatunga maandiko ya kuonyesha alipokhitalifiana naye. Halafu akajikhalifu yeye mwenyewe: alikuwa na kauli zake alipokuwa Iraki, na alipohamia Misri, ambako alifariki mwaka 204 (820), akazibadilisha nyingi. Mpaka leo wanafunzi wa fiqhi katika misikiti yetu hufundishwa kauli ya kale na kauli mpya za mtu mmoja. Tazama ukubwa wa jambo hilo. Mtu amekosoa kazi yake mwenyewe, na wafuasi wake wameyahifadhi yote mawili, kosa na sahihisho, na hawakuona aibu.

Na wale waliokusanya Hadithi walihifadhi kwa maelfu, lakini kila moja waliiuliza: umeipokea kwa nani, na yeye kwa nani, na je, watu wawili hao walipata kuonana? Msimulizi akijulikana kwa usahaulifu, habari yake hupunguzwa daraja hata akiwa mcha Mungu wa kusali usiku kucha. Kazi hiyo, msomaji, ndiyo uhakiki. Neno lenyewe linatokana na haki na hakika. Hatukuwa na haja ya kungoja neno geni tupate kulijua jambo hili. Desa lililouzwa mbele yangu halina mpokezi hata mmoja, nalo limekubaliwa kwa imani ambayo wale wakusanyaji wasingempa msimulizi wasiyemjua.

Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi wenyewe tumeyahifadhi maandiko ya wakubwa hao tukaliacha swali lao. Ni wangapi kati yetu tulipokuwa vyuoni, namaanisha vile vyuo vyetu vya Kurani vya barazani, tuliuliza kwa nini, tukajibiwa kwa bakora? Mimi ni mmojawapo. Niliuliza jambo dogo tu la udhu, nikaambiwa nina adabu mbaya. Mwalimu wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini siku ile alinifundisha kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, na somo hilo lilinichukua miaka kulisahau. Mtoto anayetoka katika baraza ya namna hiyo, akaingia shule ya serikali ambako mwalimu naye ana fimbo na watoto sabini mbele yake, unatarajia akifika chuo kikuu ataamka asubuhi moja awe mhakiki? Baina ya mwanachuo na mwanachuoni iko silabi moja tu katika matamshi, lakini ni safari ndefu.

Na kuuliza kunataka pia nchi inayoridhia kuulizwa. Jambo hili nalo lina historia yake papa hapa, kwani ukitoka katika kile kijiduka cha kopi ukatembea kwa miguu kuelekea Mnazi Mmoja, utafika Mtaa wa Lumumba, ambako Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilizaliwa. Ilikuwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Chuo kilianza katika jengo la TANU, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kwa kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na leo wanafunzi wake ni zaidi ya 20,000.

Darasa la watu 15 wanaosoma sheria halina pa kujificha. Kesi husomwa, kisha mmoja huulizwa hakimu ameamua nini, wa pili huulizwa kwa hoja gani, wa tatu huambiwa atetee upande ulioshindwa. Katika ukumbi wa watu mia tano mhadhiri hata angetaka hawezi kumwuliza kila mmoja. Husema, wao wakaandika, na siku ya mtihani wakamrejeshea maneno yake. Desa limezaliwa hapo. Si maradhi ya watoto wa siku hizi peke yao.

Lakini hao wa zamani nao tusiwapambe. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kuwalazimisha kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Katika mabango yao lilikuwamo lililosema hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400, akatangaza pia kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi naona bango lile lilikuwa kelele, halikuwa uhakiki. Mwenye kuliandika hakujiuliza afadhali kwa nani. Na hapa yataka tuwe macho, kwa kuwa vijana wengi hudhani kupinga ndiko kufikiri. Mtu aweza kupinga kwa kukariri kama vile awezavyo kukubali kwa kukariri.

Miezi michache baadaye, Machi 1967, Mwalimu huyo huyo alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule zitoe watu wenye akili ya kudadisi, wawezao kuyatazama ya wengine wakachukua yanayowafaa na kuyakataa mengine. Ni maneno mazito. Yakapata mtihani wake upesi. Vijana wa Mlimani, wakiwa karibu na mwalimu wao Walter Rodney aliyetoka Guyana, walikuwa wakikutana Jumapili kusoma yale ambayo hayakuwamo katika mitihani yao, na toka 1969 walitoa jarida lao, Cheche. Mwaka 1970 jarida hilo lilitoa makala ndefu ya kijana wa sheria, Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, akiuhoji ujamaa wa serikali kwa kuonyesha ni nani khasa wenye faida katika mashirika yaliyotaifishwa. Hakupiga kelele, alileta majina ya makampuni na tarakimu. Kabla mwaka haujakwisha jarida likafungwa.

Sitaki kuwahukumu waliolifunga, nao walikuwa na hofu zao katika nchi changa. Nasema tu kwamba mwanafunzi huyasoma matendo yetu kuliko mitaala yetu. Akiambiwa dadisi, kisha akaona aliyedadisi kwa adabu na kwa hesabu amefungiwa mlango, atajifunza upesi kurudi kwenye desa. Desa halijapata kumtia mtu matatani. Shivji mwenyewe aliendelea na kazi yake, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere chuoni hapo hapo. Hilo nalo linaonyesha kuwa mlango ukifungwa si lazima ufungwe daima.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hawapendi kulisikia. Yule mjukuu hakushindwa na dawa, alishindwa na haipatensheni. Mtoto wetu husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha kwa siku moja, akaambiwa fikiri sasa kwa Kiingereza. Hawezi. Asiyemiliki lugha hawezi kuuliza ndani yake, maana kuuliza kunataka maneno ya ziada, nawe una yale tu uliyopewa. Hufanya lile linalowezekana, yaani kuyashika maneno kama yalivyo bila ya kuyagusa, kama mtu aliyebeba mayai. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta iliona jambo hili, na mwaka 1982 ikapendekeza Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari mwaka 1985 na baadaye chuo kikuu. Pendekezo halikufuatwa. Sisemi tukitupe Kiingereza; tukifundishe vizuri kama lugha, tukijue. Lakini bibi hataulizwa magoti yake kwa lugha hiyo. Nasi wazazi ndio tunaolipa ada kubwa ili mtoto aseme asichokielewa kwa matamshi mazuri.

Wala usidhani ni maradhi yetu peke yetu. Huko Marekani, katika chuo cha Harvard chenye sifa duniani nzima, alikuwapo mwalimu wa fizikia, Eric Mazur, aliyeamini kwamba anafundisha vizuri sana, kwani wanafunzi wake walishinda mitihani migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawajaribu kwa maswali mepesi yasiyo na hesabu. Tuchukue mfano wa hapa kwetu: basi la mwendokasi likigongana na bajaji pale Msimbazi, ni lipi linalolisukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Wanafunzi wake waliijua kwa ghibu kanuni ya Newton isemayo kwamba nguvu hizo ni sawa, na bado wengi wakajibu kwamba kubwa ndilo lenye nguvu zaidi. (Bajaji huumia zaidi kwa kuwa ni nyepesi, si kwa kuwa imesukumwa zaidi.) Mmoja wao akamwuliza mwalimu: tujibu kama ulivyotufundisha, au kama sisi tunavyofikiri? Swali hilo lilimtia hofu, na lingekutia wewe hofu lau ungelisikia kutoka kwa anayesomea kukupasua tumbo.

Mazur akabadilisha mwendo. Akawa anatoa swali, kila mmoja anaandika jibu lake peke yake, kisha anamgeukia jirani yake mwenye jibu tofauti na kumwambia: nikinaishe. Baada ya dakika chache wanajibu tena, na mara nyingi walio sahihi huwa wameongezeka, kwa sababu aliyeelewa jana bado anakumbuka pale palipomtatiza, ilhali mwalimu amekwisha kusahau. Niliposoma habari hizo nilitabasamu. Wanafunzi wa misikiti yetu walilijua jambo hili kwa jina la mudhakara: darsa likiisha na sheikh akiondoka, wao hubaki wakaulizana, mmoja anasoma na mwingine anamtega. Leo wanavyuo wetu nao wana vikundi wanavyoviita diskasheni. Nimepata kuketi karibu nao. Aghlabu mmoja husoma jibu la desa kwa sauti, wengine wakasahihisha yao yafanane. Wakiafikiana wanaondoka, na hiyo ndiyo diskasheni.

Sasa limekuja hili la akili mnemba. Tangu mwisho wa 2022 kijana ana katika simu yake desa lisilo na haja ya kuja Kariakoo. Hulitajia swali, likamjibu kwa ufasaha kuliko mhadhiri, na pengine likamtajia vitabu ambavyo havijapata kuandikwa. Wengine wanataka lipigwe marufuku. Mimi naona halikuleta maradhi mapya. Aliyezoea kuuliza umejuaje ataliuliza na hilo, na atafaidika nalo sana. Asiyezoea, amepata tu kopi isiyofifia.

Nyumbani mtafanya nini? Walimu na serikali wana mambo yao ya kutengeneza, nami si mtu wa kuwaamrisha. Lakini mtoto wako akirudi likizo, usiulize amepata ngapi peke yake. Wakati wa chakula mwambie akueleze jambo moja alilosoma, kwa lugha ya nyumbani, mpaka mdogo wake aelewe. Kisha umwulize: umejuaje? Nani kasema, na yeye kajuaje? Ni kitu gani ambacho ukikiona utabadilisha kauli yako? Usimwulize kwa kumkomoa, ukajifanya kadhi. Na akikuuliza wewe maswali hayo hayo juu ya mambo yako, uyastahamili. Hapo ndipo penye taabu. Mimi binti yangu aliniuliza kwa nini nalazimisha jambo fulani nyumbani, nikafungua kinywa, nikakuta sina jibu ila kwamba babangu alikuwa akifanya hivyo. Ilinichukua siku mbili kulikiri.

Nirudi kwa yule bibi, kwani najua utaniuliza ilikuwaje. Kijana aliichukua karatasi ya dawa akaketi nayo ngazini, akaisoma upya, safari hii polepole, kidole juu ya mstari. Alipoinuka akasema, "Bibi, hizi za magoti usile kwanza. Kama zinakudhuru wewe khasa, sijui. Lakini najua wa kumwuliza." Kesho yake asubuhi akampeleka hospitali kwa bajaji, pamoja na ule mfuko wa plastiki. Daktari akampima, akamwachisha ile dawa ya maumivu, akampa nyingine, akamwambia arudi baada ya wiki mbili apimwe tena.

Waliporejea niliwakuta barazani. Bibi alikuwa amekaa na dawa yake mpya mkononi, anaigeuzageuza kama mtu anayechagua nazi. Akamtazama mjukuu wake.

"Na yule daktari naye," akauliza, "yeye kajuaje?"

Kijana akacheka, akavua viatu, akakaa karibu yake kumweleza.